Kazi yako ya ramani imerudishwa? Soma hapa kabla hujakasirika

Msomaji mmoja wa Pongwe, mwanafunzi wa chuo, ameandika kwa uchungu. Yeye na wenzake walichora nyumba za vijiji kadhaa vya Muheza kwenye mradi wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea kwa kufuata picha za setilaiti, na mhakiki amezirudisha karibu zote. Anauliza kama kuna upendeleo. Mdogo wangu, upendeleo haupo. Kuna kanuni, na nyingi hazisemwi kwa sauti siku ile ya kugawiwa fulana na soda.

OpenStreetMap ilianza Uingereza mwaka 2004, na baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010 mashirika ya misaada yakaanza kuitegemea kweli kweli. Hapa kwetu wengi wameijua kupitia Ramani Huria ya Dar es Salaam na uchoraji wa maeneo ya mafuriko. Anayeitumia leo ni mgawa vyandarua, mpanga chanjo, au dereva anayetafuta pa kupita mto Ruvu ukiwa umefurika. Hesabu ya hao wote inaanzia kwenye paa ulilochora wewe. Nyumba ikichorwa mara mbili, familia inahesabiwa mara mbili. Safu ya nyumba kumi ikichorwa kama jengo moja, familia tisa zimefutika.

Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha vijana wa mjini. Nyumba za Ngamiani, pale Tanga mjini, zimebanana, na bati ya huyu inagusana na bati ya yule. Usiizungushie safu nzima mstari mmoja. Tafuta migongo ya mapaa, kwa sababu kila mgongo kwa kawaida ni nyumba yake, na pale rangi ya bati inapobadilika ghafla, kutu upande huu na mng'ao upande ule, ndipo penye mpaka. Ukishazunguka pembe zote bonyeza Q, kihariri (programu unayochorea) kitanyoosha pembe ziwe mraba. Vibanda vya mviringo, kama vya makazi ya wafugaji kule Handeni na Kilindi, vinataka O. Wanaotumia JOSM, programu ya kuchora inayowekwa kwenye kompyuta, wapakie nyongeza ya kuchora majengo: unavuta upande mmoja, unavuta upana, jengo limekamilika na pembe zake.

Makuti ni mtihani zaidi. Yakizeeka hufanana na udongo wa uani, na ukitazama rangi peke yake utaruka nyumba au utachora uwanja uliofagiwa. Tazama kivuli. Nyumba ina kivuli upande mmoja, uwanja hauna. Ngalawa zilizopandishwa ufukweni nazo zina kivuli, ila hakuna nyumba yenye umbo jembamba vile, kwa hiyo ziache. Kwa ghorofa, ukishachora paa, lisogeze hadi pale ukuta unapokutana na ardhi, maana picha ya setilaiti mara nyingi hupigwa kwa mshazari na paa huonekana limeegemea pembeni.

Halafu kuna suala la picha kuhama. Ukibadilisha kutoka picha za setilaiti za Bing kwenda za Esri utaona mji mzima umesogea mita kadhaa. Wageni wengi hapo huanza kusogeza nyumba za watu moja moja. Usifanye hivyo! Kama majengo yaliyokuwepo yote yamepishana na picha kwa kiasi kilekile na upande uleule, kasoro iko kwenye picha. Fungua mpangilio wa picha ya chini, uisogeze picha hadi ilingane na majengo au na nyayo za GPS, yaani njia zilizorekodiwa na watu waliopita hapo, kisha ndipo uanze kuchora. Na tumia picha iliyotajwa kwenye maelekezo ya mradi, si ile inayokupendeza macho.

Barabara hupangwa kwa kazi yake, si kwa lami yake. Ya Segera hadi Tanga na kuendelea Horohoro hupewa lebo ya trunk, yaani barabara kuu. Inayounganisha kijiji na kijiji ni unclassified hata kama ni vumbi tupu, ya kati ya nyumba ni residential, ya kwendea shamba ni track, ya miguu na baiskeli ni path. Kwenye mashamba ya mkonge utakuta mistari iliyonyooka kama rula. Ile mipana inayopitisha trekta ni track, nafasi za kati ya mistari ya mkonge si njia kabisa. Hakikisha njia zinashikana kwa nodi, yaani nukta moja ya pamoja. Kwa macho zinaweza kuonekana zimegusana, lakini nafasi ya nusu mita inatosha programu ya kutafuta njia kumwambia dereva kwamba hakuna pa kupita. Njia ikikata mto, weka daraja au kivuko cha kupita majini (ford), na kama hujui ni kipi, acha ujumbe kwa mhakiki.

Pwani ina mambo yake. Mstari wa bahari kwenye ramani hii hufuata maji kujaa ya bamvu, yale yanayopanda juu zaidi, na picha nyingi zimepigwa maji yakiwa yametoka, ndiyo maana mgeni hudhani mstari umekosewa na kuuvuta hadi mchangani. Mtoto wa Bagamoyo hapaswi kukosea hapo. Tena mstari huo una mwelekeo: nchi kavu kushoto, bahari kulia, yaani kwetu unatoka Bagamoyo kuelekea Tanga. Ukiukata au kuugeuza, bahari inaweza kuchorwa juu ya mji. Mgeni katika kazi hii asiuguse. Mito nayo huchorwa kuelekea maji yanakokwenda. Mabwawa ya chumvi si maziwa, yana lebo yake, landuse=salt_pond, na mikoko ni wetland=mangrove, si msitu.

Majina: andika kama watu wanavyopaita, kwa Kiswahili, bila kufupisha. Shule ya Msingi, si S/M. Jina la mwenye nyumba haliingii kwenye ramani, hata akiwa mwenyekiti wa mtaa. Na usinakili chochote kutoka Google Maps, hata jina moja la zahanati, kwa sababu leseni hairuhusu na kazi yako yote inaweza kufutwa. Kibao ulichokisoma mwenyewe barabarani ni halali. Ukienda kwenye eneo lenyewe kukusanya taarifa, pitia kwanza kwa mtendaji na barua ya utambulisho, na kabla ya kuhifadhi alama subiri simu ionyeshe usahihi wa mita 5 au pungufu. Chini ya mikorosho utasubiri sana, sogea peupe.

Kipande ulichokichagua, yaani mraba mmoja wa eneo la mradi, hufungwa kwa jina lako kwa muda wa saa 2. Zikipita kinafunguka, mwingine anakiingia, na kama hukupakia kazi yako mtachora nyumba zilezile. Pakia kila baada ya dakika chache. Kwenye maelezo andika ulichofanya na wapi, na usifute hashitegi ya mradi. Usichanganye Bagamoyo na Tanga kwenye upakiaji mmoja, mhakiki atalazimika kupekua pwani yote kutafuta vibanda vyako viwili.

Wale wanaokimbiza beji, majengo elfu kwa usiku mmoja, wanawaachia wenzao kazi ya kufagia, kisha wanaweka cheti kwenye wasifu wao. Jamani, tuoneane haya.

Kwa ndugu wa Pongwe: usifute na kuanza upya, maana ukifuta unapoteza historia ya jengo. Soma maoni ya mhakiki kipande kwa kipande, mjibu, anza na majengo yaliyorudiwa, kisha safu zilizounganishwa, pembe ziwe za mwisho. Kona iliyofunikwa na minazi usiikisie. Rudisha kipande kwa kusema hakijakamilika, na uandike ni kona ipi.