Kutoa namba hasi: kwa ninyi mnaoanza kufundisha hesabu hapa Goma

Ndugu na dada zangu mnaoanza kufundisha hesabu mwaka wa saba, na ninyi mnaopita nyumbani kwa watu jioni kuwasaidia watoto kurudia masomo, neno langu la kwanza ni hili: kabla ya kueleza lolote, mwandikie mtoto −5 − 3 na umwache ajibu.

Wengi watakuambia 8. Ukiuliza sababu, watakuimbia kwa Kifaransa: «moins par moins donne plus», yaani hasi mara hasi ni chanya. Kanuni hiyo ni ya kuzidisha, na hapa hakuna kinachozidishwa. Mtoto ameona alama mbili za kutoa katika mstari mmoja, akazifuta zote mbili. Usimkaripie. Ila usimwache hivyo pia, kwa sababu mwaka unaofuata atakutana na milinganyo, na kila jibu lake litaharibika kwa kosa hili hili. Baadaye atasema hesabu si ya kichwa chake. Inaniuma kila nikiusikia usemi huo kwa mtoto mwenye akili nzuri.

Basi mrudishe kwenye maana ya kutoa. Kutoa ni swali. 9 − 4 inauliza: niongeze nini kwenye 4 ili nifike 9? Swali hilo halibadiliki hata namba zikiwa hasi. Kwa hiyo −5 − 3 inauliza: kutoka 3, niende vipi hadi nifike −5? Chora mstari wa namba, weka kidole kwenye 3. Hatua 3 kurudi nyuma zinakufikisha sufuri, hatua 5 zaidi zinakufikisha −5. Umerudi nyuma hatua 8, jibu ni −8. Sasa mpe 2 − (−6). Anaanzia −6, anakwenda mbele: hatua 6 hadi sufuri, 2 zaidi, jumla 8. Mwache afanye kadhaa za namna hiyo, naye mwenyewe ataona kwamba kutoa −6 kumeleta jibu lile lile la kuongeza 6. Hapo ndipo umpe kanuni: kutoa namba ni kujumlisha kinyume chake. Ukiitanguliza, ataikariri tu na kuichanganya na ile ya kuzidisha.

Swali hilo lina faida nyingine ambayo naipenda kuliko zote: linampa mtoto njia ya kujisahihisha. Jibu ukilijumlisha na namba iliyotolewa, lazima urudi ulikoanza. Aliyesema −5 − 3 ni 8 ajaribu: 8 + 3 ni 11, si −5. Hahitaji mwalimu kumwambia amekosea.

Wengine wanapenda kueleza kwa deni, na deni ni mfano mzuri. Brahmagupta, mwanahesabu wa India, aliutumia mwaka 628 alipoandika kwamba deni likitolewa kwenye sufuri huwa mali. Lakini ujue unakwama wapi. Mtu mwenye deni la franka 3,000 kwenye butiki akisamehewa 2,000, anabaki na deni la 1,000: −3,000 − (−2,000) = −1,000. Hapo kila mtoto anaelewa. Kisha mmoja atauliza: katika 5 − (−3), huyu mtu ana 5 na hana deni, unamsamehe nini? Swali hilo ni zuri sana, usilikwepe. Mwambie mwenye 8 mkononi na deni la 3, ukihesabu mali yake yote, ni sawa na mwenye 5. Mfutie hilo deni la 3: anabaki na 8. Mtoto akielewa kwamba 5 inaweza kuandikwa 8 + (−3), ameelewa jambo ambalo litamfaa hadi mwisho wa sekondari.

Vitabu vingi huleta kipimajoto na baridi ya chini ya sufuri. Mtoto wa Himbi au wa Majengo, mitaa yetu ya hapa Goma, hajaishi baridi hiyo, nami siioni sababu ya kwenda kuikopa Ulaya wakati ziwa liko hapa chini. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa ni kama mita 480. 1,460 − 480 = 980: sakafu ya Kivu bado iko juu ya bahari. Fuata mto Ruzizi kutoka Bukavu hadi Ziwa Tanganyika. Uso wa Tanganyika uko kama mita 770, kina chake karibu 1,470. 770 − 1,470 = −700. Sakafu ya Tanganyika iko chini ya bahari! Watoto hushtuka, na ni vizuri washtuke, maana namba hasi imekuwa mahali halisi. Kisha uliza: sakafu ya Kivu imepita ile ya Tanganyika kwa mita ngapi? Atakayeandika 980 − 700 atapata 280, na mchoro utamkatalia palepale, kwa sababu kutoka 980 hadi bahari peke yake ni mita 980. Jibu ni 980 − (−700) = 1,680.

Kuhusu mwandiko, shika mambo mawili. Namba hasi inayofuata alama ya kutoa iwekewe mabano daima, na mtoto aisome kwa sauti: «mbili kutoa hasi sita». Alama moja inaagiza kazi, nyingine ni ya namba yenyewe, na anayezisoma kwa neno moja atazichanganya. La pili, mpangilio hauchezewi: 3 − 8 ni −5, 8 − 3 ni 5. Kuna watoto wanaopindua ili namba kubwa itangulie, kwa sababu shule ya msingi iliwaambia kubwa haitoki kwa ndogo.

Wakishaiva, wape mnyororo kama −4 − (−9) + 2 − 7. Wasianze kuhesabu. Kwanza wageuze kila kutoa kuwa kujumlisha: −4 + 9 + 2 + (−7). Sasa namba zinaweza kupangwa upya bila hofu: chanya ni 11, hasi ni −11, jibu ni sufuri. Atakayepata 10 alikwenda kutoa 2 − 7 kwanza akapata −5, kisha akapindua alama yake. Mrudishe kwenye ule mstari wa −4 + 9 + 2 + (−7), aandike upya, ahakiki mwenyewe.