Maswali na majibu: Maumivu ya nyonga yasiyoisha, na sipro isiyokwisha

Wiki hii nyote mmeniandikia kuhusu maumivu ya huku chini: msamba, kinena, kifandugu, kibofu kinachochoma bila sababu. Waliouliza "nimeze sipro ngapi", yaani ile antibiotiki ya siprofloksasini, nimewaunganisha katika swali la kwanza, maana ni wengi na jibu lao ni moja. Ninaposema sakafu ya nyonga, nazungumzia ile misuli iliyotandazwa toka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, inayobeba kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo. Wanaume, nanyi mnayo.

Mimi ni mwendesha bodaboda hapa Nateete, miaka 31. Mwezi wa nane huu nachomwa kati ya korodani na njia ya haja kubwa, nakojoa kila mara, na nikimwaga manii maumivu hukaa mpaka kesho yake. Nimemaliza kozi nne za sipro na doksi (antibiotiki nyingine). Kiliniki wanasema ni tezi dume. Nimeze nini sasa?

Usimeze kitu, kaka, mpaka unijibu hili: katika kozi zote hizo nne, kuna aliyeuotesha mkojo wako maabara? Sisemi kile kijiti kinachobadilika rangi. Nasema mkojo kuwekwa siku mbili tatu ionekane kama kuna bakteria, na dawa gani inawaua. Na je, ulipimwa kisonono na klamidia, wewe na mwenzako? Nadhani najua jibu, kwa sababu wenzako wote walioandika wanasema lile lile: dawa zilitangulia, vipimo havikufuata.

Kati ya wanaume wanaoambiwa wana uvimbe sugu wa tezi dume, zaidi ya asilimia 90 hawakutwi na bakteria yeyote. Wamarekani waliugawa ugonjwa huo katika makundi manne tangu miaka ya 1990, na kundi kubwa kuliko yote ni la tatu, yaani maumivu ya nyonga ya muda mrefu yasiyo na vijidudu. Kwa wengi wa kundi hilo kinachouma ni msuli. Huenda mwanzoni ulikuwa na maambukizi kweli, au ulipata hofu baada ya usiku mmoja usiotaka kuusimulia. Misuli ikajikaza kujilinda, na hatari ilipopita haikuachia. Msuli uliokaza miezi hujinyima damu na kuzisumbua neva zinazopita humo, kisha ubongo unaletewa habari za uongo kwamba kibofu kimejaa na mkojo ni moto. Kumwaga manii ni misuli hiyo hiyo kujibana kwa nguvu, ndiyo maana unalipia kesho yake.

Kisha tazama kazi yako. Unakaa umepanua miguu juu ya kiti chembamba toka alfajiri, mashimo ya barabara yanakupiga msamba, na steji haina choo kwa hiyo unabana. Sikuambii uache kazi. Nakuambia abiria akishuka nawe shuka. Ukisubiri abiria, subiri umesimama, usijilaze juu ya pikipiki. Mkojo ukija, nenda. Jioni kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 15, kisha fanya zoezi la kupumua nililoeleza kwenye swali linalofuata. Mkojo ukitoka kwa kusitasita, daktari anaweza kukuandikia tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, nayo huwafaa baadhi. Jipe miezi mitatu. Msuli uliokaza miezi minane hauachii kwa wiki moja.

Kozi moja kamili ya dawa mwanzoni inaeleweka. Kozi ya tano bila kipimo ni biashara ya mtu. Sipro si peremende: mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kundi zima la dawa hizo libandikwe onyo kali kwa sababu linaweza kuvimbisha kano na hata kuzikata. Kama kisigino kimeanza kukuuma nyuma, hilo nalo mwambie daktari.

Nafanya Kegel (yale mazoezi ya kubana na kuachia misuli ya sakafu ya nyonga) mara mia kila siku kama wanavyofundisha TikTok, lakini tendo la ndoa linazidi kuniuma. Niongeze ziwe ngapi? (Mama wa watoto wawili, Jinja)

Acha leo. Arnold Kegel, daktari wa Marekani, aliandika kuhusu mazoezi hayo mwaka 1948 akiwalenga wanawake ambao misuli yao ililegea baada ya kuzaa, wakawa wanavujisha mkojo. Kwa hao ni mazoezi mazuri mno. Wewe hukusema unavujisha, umesema unaumia. Ukikunja ngumi asubuhi mpaka jioni mkono utauma, na hakuna mwenye akili atakayekushauri uikunje zaidi.

Unachohitaji ni kujifunza kuachia, na hilo ni gumu kuliko kubana. Lala chali, magoti juu, nyayo sakafuni, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua, tumbo liinuke, na usikie msamba ukishuka kidogo kama wakati mkojo unapoanza kutoka wenyewe. Usisukume. Toa pumzi polepole bila kubana chochote. Dakika tano hadi kumi, asubuhi na usiku. Ukishazoea, fanya hivyo hivyo ukiwa umesujudu, magoti yametanuka. Wengi wataliona ni zoezi la kitoto na kuliacha siku ya tatu, kisha wataniandikia tena.

Naumwa chini. Nitumie dawa gani?

Chini ya nini? Mwanamume au mwanamke, miaka mingapi, tangu lini, ukikaa au ukisimama, ukikojoa au ukienda haja kubwa, kabla ya hedhi au baada? Mmekuja kumi na kitu na sentensi hii hii. Sina dawa ya "chini".

Lakini nawajibu kwa hili, na lisomeni mara mbili. Nenda hospitali leo leo, usingoje gazeti, kama una ganzi pale panapokaa kwenye tandiko, mkojo umegoma kabisa, huwezi kuzuia haja, au miguu imeishiwa nguvu ghafla. Homa kali pamoja na maumivu hayo, leo leo pia, hasa kama una mimba. Damu kwenye mkojo au kwenye haja kubwa, kupungua uzito bila sababu, kutokwa damu baada ya tendo au baada ya kukoma hedhi, hayo ni ya wiki hii. Akina mama, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kati ya saratani za wanawake hapa Uganda. Kapimwe kwanza, ndipo tuje kuzungumza habari za misuli.

Mke wangu hulia kila tunapokutana. Ssenga wake (shangazi yake anayemfunda mambo ya ndoa) amemwambia avumilie, atazoea. Tumeoana mwaka jana. (Busia)

Hatazoea, bwana. Kila mara anayoumia, mwili wake unajifunza kwamba safari ijayo itauma, na misuli inajifunga kabla hujamgusa. Hilo si kukukataa wala si uvivu wa ndoa. Nawaheshimu masenga, wamefundisha mengi yaliyowafaa mabinti wetu, ila ushauri huu wa kuvumilia umeharibu ndoa nyingi kuliko michepuko.

Acheni kuingiliana kwa sasa. Sikusema muache kupendana. Apimwe maambukizi, mshono kama alishonwa baada ya kuzaa, ukavu kama ananyonyesha, na endometriosisi (tishu kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake) kama hedhi inamlaza kitandani. Unga wa kukausha na majani ya kubana yatoke ukeni kabisa. Tumieni kilainishi cha maji. Mafuta ya kujipaka hupasua kondomu ya mpira. Akimpata mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na mazoezi, anayejua kazi hii, atamfundisha kuachia misuli kisha kuizoesha kidogo kidogo, kwa kidole chake mwenyewe au kwa vifaa vinavyoongezeka ukubwa, kwa mwendo anaoutaka yeye. Siku ya kliniki uende naye, ukae ndani usikilize. Ukibaki nje na simu yako hujamsaidia.

Je, emmumbwa (udongo uliochanganywa na mitishamba) inatibu?

Misuli iliyokaza, hapana. Na usiiweke ukeni.

Nimepiga altrasaundi tatu, zote safi. Daktari amesema nina mawazo, akaniandikia dawa ya wagonjwa wa akili. Ina maana maumivu yangu ni ya kichwani? (Mwalimu, Mbarara)

Maumivu yako ni ya kweli, mwalimu. Altrasaundi huona uvimbe, mimba, mawe na maji. Haikuundwa kuona msuli uliokaza, na vidoa vingi vya endometriosisi huipita bila kuonekana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa hiyo kama maumivu yalianza na hedhi za usichana na sasa yamekuwa ya kila siku, sema hivyo waziwazi kwa daktari wa wanawake. Picha safi isikufunge mdomo. Mara nyingi viwili hivyo hukaa nyumba moja: endometriosisi inauma, msuli unajikaza kwa sababu yake, na hata endometriosisi ikitibiwa msuli unabaki na deni.

Sasa ile dawa. Nadhani ni amitriptilini. Kweli ilianza kama dawa ya sonona, lakini kwa kipimo kidogo, miligramu 10 usiku kwa kuanzia, hutumika kutuliza neva zilizozoea kupiga kelele. Maumivu yakipita miezi mitatu hadi sita, mfumo wa neva wenyewe huongeza sauti. Daktari angekueleza hivyo usingelia njia nzima, na angetumia dakika mbili tu. Usiiache ghafla, na kama una ugonjwa wa moyo mwambie.

Kwa kuwa wengine mmeuliza gabapentini, dawa nyingine ya maumivu ya neva: mwaka 2020 Waingereza walichapisha matokeo ya jaribio la wanawake 306 wenye maumivu ya nyonga ya muda mrefu ambayo chanzo chake hakikuonekana. Waliopewa gabapentini hawakupata nafuu kuwashinda waliopewa vidonge visivyo na dawa. Walichowazidi ni kizunguzungu na usingizi. Msiuze mbuzi kwa ajili yake.

Mimi ni mhasibu, Entebbe. Nikikaa kwenye kiti nachomwa upande mmoja kama moto, nikisimama panapoa, na ajabu ni kwamba nikikaa chooni siumwi.

Si ajabu, umeshajipima mwenyewe. Kiti cha choo kina tundu, hakikandamizi neva ya pudendali inayopita kando ya mfupa wa kukalia. Mwambie daktari jina la neva hiyo, na mwambie kama maumivu hukuamsha usiku au la, maana kwa kawaida hayaamshi. Kwa sasa tafuta mto uliokatwa katikati, inuka kila nusu saa, na baiskeli ipumzike.

Niko Arua. Huyo mtaalamu wa nyonga nitampata wapi?

Anza na idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa hapo hapo Arua. Hospitali za serikali zilifuta ada ya matibabu mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia, kwa hiyo ulizia kabla mtu hajakutoza. Utakuta wamezoea migongo, mifupa iliyovunjika na waliopooza. Ukisema "naumwa mgongo" kwa aibu, utatibiwa mgongo. Sema "nyonga", sema "tendo linauma". Wenye mafunzo ya sakafu ya nyonga ni wachache na wengi wako Kampala, lakini yeyote aliyesoma kazi yake anaweza kukufundisha kupumua na kunyoosha misuli ya mapaja na makalio, na kukuandikia barua ya rufaa.

Kama atahitaji kupima kwa ndani, atakueleza kwanza, atavaa glavu, atatumia kidole kimoja, na ukisema basi ni basi. Unaruhusiwa kukataa, na kutaka mwanamke mwingine awepo chumbani. Anayejitangaza WhatsApp kuwa anafanya "masaji ya ndani" kwenye loji hajasomea kazi hii, na polisi wana jina lake lingine.

Nauza nguo soko la Owino, Kampala. Choo ni cha kulipia na foleni ni ndefu, nabana mkojo mpaka nifike nyumbani. Je, ndiyo sababu ya maumivu?

Huenda si sababu yote, lakini ni sehemu yake, mama. Misuli inayobana mkojo toka asubuhi hadi usiku haijui kwamba umefika nyumbani. Lipia, nenda kila baada ya saa tatu au nne, na ukifika kaa au chuchumaa kabisa. Ukining'inia nusu nusu msuli hauachii. Usipunguze maji ili kukwepa foleni, mkojo mzito huchoma kibofu. Na wanaokusanya ushuru wa soko hilo wangeongeza vyoo vya wanawake kabla ya kuongeza vibanda.