Ukianza hai skuli Marekani, nafasi yako inaanza kuhesabiwa siku ile ile

Wadogo zangu mliofika majuzi, na nyie wazazi mnaopeleka watoto hai skuli hapa Texas, naomba mnisikilize hili mapema maana mi nililijua nimeshachelewa. Nilitua Houston na matokeo yangu ya kidato cha pili cha Morogoro, kichwani bado nina mahesabu ya nyumbani, yaani mwaka unaenda nao taratibu halafu miezi mitatu ya mwisho unakesha na pasti pepa, mtihani wa taifa ndo unaamua wewe ni nani. Huku hakuna mtihani wa namna hiyo. Kila semista kuanzia darasa la 9, yaani mwaka wa kwanza wa hai skuli, inaingia kwenye hesabu ya nafasi yako kati ya wenzako na haitoki tena.

Nilimaliza wa 47 kati ya wahitimu 412. 10% ya 412 ni 41, kwa hiyo nafasi sita tu zilinitupa nje, na naumia mpaka leo kwa sababu tangu 1997 kuna sheria Texas kwamba ukiwa kwenye 10% ya juu ya shule yako vyuo vikuu vya umma vya jimbo vinakupokea moja kwa moja. UT Austin, yaani Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, peke yake ina mlango mwembamba zaidi, kwa wanaoingia kuanzia 2026 ni 5% ya juu, kwa shule kama yangu hiyo ni watu 20. Halafu kuna kitu hakuna aliyeniambia, nafasi peke yake haitoshi, unatakiwa pia uwe umesoma ule mpango mzito wa kuhitimu wenye hesabu miaka minne, Aljebra ya 2 ikiwemo, na sayansi miaka minne. Mtoto akiachwa kwenye hesabu nyepesi mwaka wa kwanza anakuja kukimbizana mwishoni.

Sasa hesabu yenyewe. Kawaida A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F sifuri, wanajumlisha wanagawa kwa idadi ya masomo, hiyo ndo GPA. Lakini shule nyingi zinapanga nafasi kwa GPA yenye uzito, darasa la onazi, yaani somo lililo gumu kidogo kuliko la kawaida, linaongezewa nusu pointi na darasa la AP, yaani somo la kiwango cha chuo linalofundishwa hai skuli, pointi moja nzima. Chukua mwanafunzi ana masomo sita ya kawaida na yote kapata A, ana 4.0. Jirani yake kachukua AP tatu kapata B zote, na onazi tatu kapata A. Kila B ya AP inakuwa 4, kila A ya onazi inakuwa 4.5, jumla 25.5, gawa kwa sita unapata 4.25. Huyu wa B ndo yuko mbele! Mi nilikaa mwaka mzima najisifu nina A tupu kwenye madarasa mepesi, kumbe watu wananipita kimya kimya. Shule nyingine wanatumia alama za 100 badala ya 4, na uzito unatofautiana wilaya ya shule kwa wilaya ya shule, kwa hiyo omba kitabu cha kozi cha shule yako, sura ya GPA na nafasi, usome mwenyewe, usisikilize ya kwenye basi.

Ila naomba isieleweke kwamba mtu aliyefika juzi arukie AP nne. Mtihani wa AP wa Mei una alama zake, 1 mpaka 5, haubadilishi gredi ya darasani, kwa hiyo ukipata C au D darasani imebaki hapo. Anza na lile somo unaloliweza hata kwa Kiingereza cha kuunga unga, kwa wengi wetu ni hesabu.

Kilichoniangusha kabisa ni homuweki. Semista ya kwanza kwenye baiolojia mitihani nilikuwa na wastani wa 94, nikajua nimemaliza. Kazi za nyumbani zilikuwa sita, zinabeba 30% ya gredi, na zilikuwa zinawekwa kwenye kompyuta, mi nasubiri mwalimu aandike ubaoni. Nilikabidhi mbili, nikapata 100 zote, nne zikawa sifuri. Wastani wa homuweki ukawa 33, gredi nzima ikashuka mpaka 76. C. Mtu mwenye 94! Na tatizo kama hilo lilikuwa kwenye masomo karibu yote, darasa la 9 nikamaliza na 2.5. Nikatubu, semista nne zilizofuata nikawa na 4.0 kila moja, jumlisha zote sita gawa unapata 3.5 tu. Nafasi inayosomwa kwenye maombi ya chuo mara nyingi ni ya mwisho wa darasa la 11, muda wa kupanda zaidi ya hapo hakuna. Wazazi, ombeni nywila ya ile akaunti ya gredi, mkae na mtoto Jumapili jioni muangalie kama kuna sifuri, hata kama Kiingereza hamjui sifuri mnaijua.

Yule wa kwanza kabisa, anayeitwa validiktoriani, ndo anatoa hotuba ya mahafali, na hapa Texas anasamehewa ada ya masomo mwaka wa kwanza kwenye chuo cha umma cha jimbo. Wa pili anaitwa salutatoriani. Shule nyingi zina sharti kwamba lazima uwe umesoma pale semista kadhaa, kwa hiyo mkihama hama fleti kila kodi ikipanda mjue mtoto anaweza kupoteza hilo. Kuna shule zimeacha kabisa kupanga namba, wanatumia majina ya heshima ya Kilatini kama kam laude (kwa heshima) na suma kam laude (kwa heshima ya juu kabisa) kwa kiwango cha GPA, hapo hushindani na mtu, ukifika kiwango umepata. Zile kamba za dhahabu shingoni siku ya joho nyingi ni za heshima hizo, na nyingine ni za National Honor Society, chama cha taifa cha wanafunzi wanaofanya vizuri, ambacho kima chake cha chini ni GPA ya 3.0 pamoja na kujitolea na tabia njema.

Mwisho, matokeo ya nyumbani. Yangu yaliingizwa kama "amefaulu" tu, krediti, yaani somo kuhesabiwa kwenye kuhitimu, nimepata lakini pointi za GPA hakuna, na madarasa yangu ya ESL, yaani Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, yalikuwa na uzito wa kawaida. Mdogo wangu alipoanza nilienda naye kwa kaunsela, mshauri wa wanafunzi pale shuleni, wiki ya kwanza tukauliza hayo mawili, tukauliza pia ule muhuri wa lugha mbili kwenye diploma, unaoonyesha mwanafunzi anamudu Kiingereza na lugha nyingine. Kumbe unaweza kuupata kwa kufanya mtihani wa Kiswahili. Kaunsela mwenyewe alikuwa hajui, akapiga simu wilayani tukiwa tumekaa pale pale mbele yake.