Dabo sio kapu la walioshindwa singo: maswali yenu ya wiki hii

Wiki iliyopita niligusia tu habari za Jwala Gutta, yule mama wa mkono wa kushoto aliyeichezea India dabo, yaani badminton ya wawili wawili (singo ni mmoja kwa mmoja), basi maswali yakamiminika kama nimetangaza nafasi za kazi. Nimechagua machache, mengine ni yale yale tuliyoyajibu hapa mpaka mate yakakauka.

Jwala Gutta ni Mhindi au Mchina? Maana sura yake…

Mhindi. Baba Mtelugu, mama Mchina, kazaliwa Wardha kule Maharashtra 1983, kakulia Hyderabad. Hili swali linakuja kila nikimtaja, na huko kwao lilimsumbua zaidi kuliko hapa, kipindi cha korona watu walimtukana mitandaoni kwa ajili ya mama yake, mtu aliyekuwa ameichezea nchi yao karibu miaka ishirini na kubeba ubingwa wa taifa mara 14. Likija tena nafuta, sijibu.

Kocha, usikasirike, lakini mi naona dabo ni ya wale walioshindwa singo. Mchezaji mzuri atagawanaje uwanja na mtu?

Nimekasirika tayari. Huu ndo ugonjwa wenyewe, na nyie mnaouliza hivi hamjatofautiana na viongozi waliomchosha Jwala miaka yote ile.

Dabo ni kazi nyingine kabisa. Uwanja unatanuka kutoka mita 5.18 mpaka 6.1, sawa, lakini sanduku la kupokelea sevisi, yaani pigo la kuanzisha, linakatwa sentimita 76 kule nyuma, kwahiyo ile sevisi ndefu ya juu mnayoipenda kwenye singo huku ni kumwita mtu aje akupige smashi, lile pigo kali la kushuka, ya uso. Lazima upige fupi, ipite juu ya neti kwa upana wa kidole, na anayepokea yuko pale pale kainua raketi anasubiri ipande kidogo tu akuue. Baada ya hapo kinyoya, ndo mpira wetu wa badminton, kinakuja kifuani, kiunoni, begani, huna muda wa kufikiri, na huku mwenzako anahama nyuma yako humuoni unamsikia miguu tu. Sasa Jwala wa kushoto, mwenzake Ashwini Ponnappa wa kulia, wakisimama sambamba kuna upande mikono yao yote mizuri inakutana katikati, wakibadilishana inakuwa nje, na mpinzani anasahau kila mara ni yupi yuko wapi. Jwala mbele anaiba pale kwenye neti, Ashwini nyuma anabomoa. Hio huipati kwa kuchukua wawili walioshindwa singo ukawasukuma uwanjani.

Na matokeo yapo. Dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Delhi 2010, mbele ya watu wao. Mwaka uliofuata London wakachukua shaba ya mashindano ya dunia, na kabla ya hapo India nzima ilikuwa na medali moja tu ya mashindano hayo, ya Prakash Padukone 1983, mwaka aliozaliwa Jwala mwenyewe! Yaani medali ya pili katika historia ya nchi ya watu zaidi ya bilioni imeletwa na dabo ya wanawake, alafu mtu ananiambia kapu la walioshindwa.

Mwaka 2013 ligi mpya ya kulipwa inaanza India, Jwala na Ashwini wanaitwa nyota, bei ya kuanzia mnadani dola 50,000. Kufika mnadani bei imekatwa nusu. Kwanini? Kwa sababu dabo ya wanawake ilikuwa imetolewa kwenye ratiba, wakaweka mechi ya pili ya singo ya wanaume. Wenye medali ya dunia hawana hata mechi yao ya kucheza. Jwala akasema hadharani, maana yule mama hajui kunyamaza, na nadhani ni kweli maneno yake mengine yalikuwa makali kupita kiasi, lakini hoja ilikuwa hoja: kambi ya taifa pale Hyderabad chini ya kocha mkuu Pullela Gopichand ilikuwa kiwanda cha singo. Sio kwamba Gopichand ni mtu mbaya, katoa Saina Nehwal, katoa P.V. Sindhu, wote wa singo wenye medali za Olimpiki, na pesa hufuata medali, shirikisho lolote linapiga hesabu hivyo. Ila dabo ukiinyima kocha wake wa kudumu alafu ukalalamika haina medali, hapo umemfunga mbuzi kamba fupi unamlaumu hali majani ya mbali.

Baadae wakamleta Tan Kim Her kutoka Malaysia akae na dabo tu. Yeye ndo aliyewaunganisha Satwiksairaj Rankireddy na Chirag Shetty, warefu wote, wote wanataka kupiga kutoka nyuma, kila mtu akashangaa. Leo tunajua: Kombe la Thomas 2022 (lile la timu za taifa za wanaume), ubingwa wa Asia 2023 ambao Mhindi hakuupata tangu Dinesh Khanna 1965, dhahabu ya Michezo ya Asia Hangzhou, na mwaka huo huo 2023 wakafika namba moja duniani. Na binti wa Gopichand, Gayatri, anacheza nini? Dabo. Huwa nacheka peke yangu.

Nani mkali, Saina au Jwala?

Ni kama kuuliza nani mkali, golikipa au refa. Inayofuata.

Ni kweli alifungiwa maisha?

Hapana, na acheni kusambaza. Ilikuwa Agosti 2013 kwenye ligi ile ile, Jwala ni nahodha wa timu ya Delhi, wapinzani wakataka kumbadilisha mchezaji aliyeumia dakika za mwisho, Delhi wakagoma, mechi ikachelewa. Kamati ya nidhamu ikapendekeza afungiwe maisha. Maisha! Kwa mechi kuchelewa. Akaenda Mahakama Kuu ya Delhi, Oktoba mahakama ikaagiza aachwe acheze, na mwaka uliofuata alikuwa Glasgow anachukua medali ya fedha ya Madola na Ashwini. Pendekezo la kamati sio hukumu, mwandishi akiandika kichwa cha habari kwa haraka nyie mnakishika miaka kumi.

London 2012 walishinda mechi mbili kati ya tatu wakatolewa, ilikuwaje? Mbona wengine wanasema waliibiwa?

Hapa nakaa kidogo. Ule ulikuwa mwaka wa kwanza Olimpiki kuweka makundi kwenye badminton. Kundi lao wakafungwa na Wajapani Fujii na Kakiiwa, wakawapiga Wataiwani Cheng na Chien, wakawapiga Wasingapori. Mechi ya mwisho ya kundi Wajapani walishajua wamefuzu, wakafungwa na Taiwan. Sasa timu tatu zina ushindi mbili mbili, ikabidi zihesabiwe pointi, na India ikabaki nje kwa uchungu wa pointi. Alafu siku ile ile, ukumbi ule ule wa Wembley, Wachina na Wakorea na Waindonesia kwenye makundi mengine walikuwa wanapiga sevisi ndani ya neti makusudi, kila mmoja anataka kufungwa ili asikutane na fulani mapema, watu wanazomea mpaka refa akaja na kadi. Timu nne zikafukuzwa. India wakaandika malalamiko kuhusu mechi ya Japani na Taiwan, hayakupokelewa. Mi sisemi Wajapani waliuza mechi, hakuna aliyethibitisha, na walikwenda mpaka medali ya fedha. Ila ukitunga ratiba ambayo kufungwa kuna faida, usishangae watu wakifungwa. Baadae walibadilisha, washindi wa pili wa makundi wakawa wanapangwa kwa kura.

Na msifikiri ni mkosi wa Jwala peke yake. Olimpiki ya Tokyo, Satwik na Chirag nao walishinda mbili wakafungwa moja wakarudi nyumbani, na mojawapo ya jozi walizozifunga wao ni Lee Yang na Wang Chi-lin wa Taiwan, seti ya tatu 27-25. Hao Lee na Wang ndo waliochukua dhahabu!

Nyie mnaoandaa bonanza za makundi mitaani kwenu, andikeni sheria ya kuhesabu pointi kabla ya mechi ya kwanza na mechi za mwisho chezesheni kwa wakati mmoja, msije kunipigia simu jioni watu wameshika raketi kama marungu.

Smashi ya kilomita 565 kwa saa ya Satwik ni ya mechi gani?

Sio ya mechi. Ilipimwa Japani Aprili 2023 kwenye ukumbi wa kiwanda cha Yonex, anapigiwa kinyoya anakipiga. Kinyoya kina manyoya, kinakufa njiani, kikifika kwako sio 565 tena. Usiache kucheza kwa kuogopa.

Jwala aliishia wapi?

Rio 2016 na Ashwini walipoteza mechi zote tatu za kundi, pamoja na ile ya Matsutomo na Takahashi waliochukua dhahabu. Baada ya hapo akapungua, akaacha, akafungua akademi nje kidogo ya Hyderabad. Ashwini akaendelea na wengine mpaka Paris 2024.

Mimi na shemeji yangu tunaanza dabo, tununue raketi gani?

Swali la mia tano hili. Yoyote isiyopinda, ukikaza mkono isipige kelele. Basi.

Badala ya raketi nunueni kinyoya kimoja na kikombe cha plastiki. Kikombe kiwekeni upande wa pili pale mstari wa sevisi fupi unapokutana na mstari wa kati. Simama, kidole gumba kilale bapa nyuma ya mpini, kinyoya kishike kwa ncha ya unyoya vidole viwili, usikirushe, kiachie, na sukuma usipige. Chini ya mita 1.15 kinapoguswa, sheria ndo hiyo tangu 2018. Mwenzangu wa Jumapili ni fundi cherehani, tumbo limetangulia, raketi yake mpini ameuzungushia kitambaa cha kitenge, na vijana wenye smashi za radi anawatoa jasho kwa sevisi hiyo tu, inapita juu ya neti kama inaomba radhi alafu inaanguka. Alinifunga mwezi mzima kabla sijakubali kumuuliza.

Pigeni 200 kila siku, kikombe kikianguka mara 50 ndo mnitumie picha za raketi.