Maswali na Majibu: Dunia Bapa, Dishi la Masasi na Kijiti cha Saa Sita

Safu iliyopita niligusia kwa sentensi moja tu kwamba bamvua, yaani maji ya bahari kujaa na kutoka kupita siku nyingine, ni kazi ya uvutano wa mwezi. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamemiminika kutoka Mtwara mjini, Masasi, Newala, mpaka Kilwa Kivinje, na karibu yote yanataja video ileile inayozunguka kwenye simu: dunia ni bapa kama sinia, imefunikwa na kuba, setilaiti ni uongo, na uvutano ni hadithi ya Wazungu. Nimeyachukua kwa uzito, maana wengi walioandika ni vijana wa sekondari, na anayeuliza kwa nia njema ana haki ya kujibiwa. Sitamwambia mtu aamini kwa kuwa Marekani imesema. Pale nitakapoweza nitalileta jambo pwani au uani kwako, ulitazame mwenyewe.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mvuvi wa Msanga Mkuu. Kijana wangu ananiambia chombo hakipotei nyuma ya bahari, ni macho yanashindwa tu, na ukiwa na kamera ya kuvuta unakirudisha. Ana hoja?

Marahaba ndugu yangu. Ana nusu ya hoja. Kitu kidogo kilicho mbali, kamera nzuri hukirudisha kizima. Lakini kama sehemu ya chini imekwisha kuzama nyuma ya maji, hakuna kamera ya kuirudisha.

Jioni moja nilikaa Shangani na darubini ya mkono, nikalifuata jahazi lililokuwa likitoka. Tanga lilikuwa na kiraka cha rangi ya udongo karibu na foromali, na kiraka kile nilikiona wazi mpaka mwisho. Ubavu wa jahazi ndio haukuwepo. Maji yalikuwa yameshaula wote, yakaanza kupanda kwenye tanga lenyewe. Macho yanayoona kiraka hayawezi kusemwa yameshindwa kuona ubavu mzima wa chombo.

Hesabu yake ni hii. Mtu aliyesimama ufukweni, macho yake mita 1.7 juu ya maji, upeo wake uko karibu kilomita 4.7. Akipanda mlingoti wa mita 10, anaona mpaka kilomita 11. Wewe hilo unalijua kwa mwili wako: wa kwanza kusema "nchi ile!" ni aliyeko juu. Bahari ingekuwa bapa, kupanda kusingefunua kitu kilichokuwa kimefichwa na maji.

Ila mwambie kijana asihukumu kwa siku moja. Kuna siku za mazigazi, mwanga unapinda juu ya maji na kitu cha mbali kinaonekana kimeinuliwa. Atazame siku kadhaa.

Mwalimu, mimi ni fundi madishi hapa Masasi, miaka tisa sasa. Wateja wameanza kuniambia setilaiti hazipo, eti ni minara na maputo. Niwajibu nini?

Ndugu fundi, wewe ndiye ungetakiwa kuandika jibu hili. Kila siku unapanda bati na kutafuta kitu ambacho hakuna mnara unaoweza kuwa pale kilipo.

Chukua setilaiti iliyo kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki. Hapa kusini tunaitafuta upande wa kaskazini, karibu utosini: ukiwa Mtwara ni kama nyuzi 77 kutoka usawa wa ardhi. Fundi mwenzako wa Johannesburg naye anaitafuta kaskazini, lakini kwake imeshuka mpaka kama nyuzi 58. Fundi wa Cairo anageuka kabisa, anaitafuta kusini, kama nyuzi 55. Chora mistari hiyo mitatu juu ya mpira na yote inakutana mahali pamoja: juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kwa umbali huo setilaiti hutumia siku moja kuizunguka dunia, sawa na dunia yenyewe inavyojizungusha, ndiyo maana dishi ukishalifunga hulifuati tena na spana.

Na kuna siku zako za kupigiwa simu na wateja. Mwishoni mwa Machi, na tena katikati ya Septemba, karibu na mchana picha inakata dakika chache, inarudi, kesho yake inakata tena. Dishi halijasogea. Jua limepita nyuma ya setilaiti kwenye mstari uleule na kuizidi kelele. Ingekuwa mnara, jua lisingepita nyuma yake katika tarehe zilezile kila mwaka.

Wavuvi wanayo dalili nyingine. Simu ikishapoteza mtandao, mbali na minara yote, bado inakuonyesha ulipo, mradi ramani iko ndani. Inasikiliza setilaiti zilizo kama kilomita 20,200 juu, angalau nne kwa pamoja, na kupima muda ambao mawimbi ya redio ya kila moja yametumia njiani.

Niongeze moja linalonipa fahari. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya X kutoka angani. Timu ya Waitalia ndiyo iliyoirusha, siku ya uhuru wa Kenya, na setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Walichagua pwani yetu kwa sababu karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi kubwa kuliko kwingine, na roketi ikielekezwa mashariki inapata msukumo wa bure.

Habari mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lindi. Video inasema hakuna uvutano, ni uzito tu: kizito kinazama, chepesi kinaelea. Nilishindwa kumjibu rafiki yangu.

Mwanangu, muulize rafiki yako: kinazama kwenda wapi? Kizito kuliko maji kinazama, sawa. Kwa nini kiende chini, kisiende kando? Kuna kitu kinachoamua ipi ni chini, na hicho ndicho tunachokiita uvutano. Kwenye chombo kilichonyonywa hewa yote, unyoya na kipande cha chuma huanguka pamoja na kufika pamoja. Hapo hakuna cha kuelea juu yake, na bado vyote vinaanguka.

Nenda mahali wanapojenga, umwangalie mwashi na timazi yake. Ule uzi unaelekea katikati ya dunia. Dunia ingekuwa sinia, uvutano ungevuta kuelekea katikati ya sinia, na kadiri unavyokwenda ukingoni timazi ingelala zaidi na zaidi. Maji ya bahari nayo yangekimbilia katikati. Mafundi wa Cape Town, ambao ramani ya dunia bapa inawaweka upande wa ukingoni, wananyoosha kuta kwa timazi ileile, na bahari yao imetulia mahali pake. Ndiyo maana pia maji "hayamwagiki" upande wa pili: kila mahali chini ni kuelekea katikati.

Uvutano umewahi kupimwa chumbani. Mwaka 1798 Mwingereza Henry Cavendish alitundika ufito wenye mipira midogo ya risasi kwenye waya mwembamba, akaileta karibu mipira mikubwa ya risasi, akaona ufito umegeuka kidogo sana kuifuata. Risasi ilivuta risasi. Kutoka hapo akapata dunia nzima ni nzito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule.

Halafu uliza nyumbani. Bibi zako na mama zako wa pwani wanajua siku za kuchokoa pweza: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka mbali na miamba inabaki wazi. Mwezi wa nusu ni maji mafu, hakuna safari. Mwezi huivuta bahari ya upande wake kwa nguvu zaidi kuliko unavyoivuta dunia, na dunia kwa nguvu zaidi kuliko bahari ya upande wa pili, kwa hiyo maji hutuna pande mbili, nasi tunaona yakijaa mara mbili kwa siku moja. Jua nalo huvuta, kwa karibu nusu ya athari ya mwezi. Wakijipanga mstari mmoja tunapata bamvua. Kalenda ya pweza ni kalenda ya uvutano. Hiyo video haina maelezo ya kwa nini maji yajae mara mbili.

Kama dunia inazunguka kwa kasi ya ajabu, mbona sisi hatuhisi? (Mkanaledi, Mtwara)

Ukiwa Mtwara unakwenda kama kilomita 1,640 kwa saa kuelekea mashariki. Lakini mwili hauhisi kasi, unahisi kasi inapobadilika. Kwenye basi la Dar, likinyoosha vizuri baada ya Nangurukuru, unafungua chupa ya maji na hayamwagiki. Dereva akikanyaga breki ndipo unajua. Na kuzunguka kwenyewe ni kwa polepole: mshale wa saa hufanya mizunguko miwili kwa siku, dunia hufanya mmoja.

Nimesimama Shimo la Mungu, Newala, nikaangalia hadi mbali kabisa. Sikuona mpindo wowote.

Hukutakiwa kuuona. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, na wewe ulitazama kipande cha makumi ya kilomita. Sisimizi juu ya boga naye angekuandikia hivyohivyo.

Mwalimu, mwanangu anasoma Norway. Ametuma picha ya anga lote kijani kibichi, kama pazia linapepea. Jirani anasema ule ni mwanga unaogonga kuba. Naomba unifafanulie, mimi nilitamani tu kujua mwanangu yuko salama.

Mama, yuko salama kabisa, na ameona kitu ambacho wengi wetu huku tutaishia kukiona pichani. Hizo ni nuru za kaskazini.

Jua halitoi mwanga na joto peke yake. Hutoa pia chembe zenye umeme, zikisafiri siku moja mpaka chache kufika kwetu. Dunia ni sumaku kubwa, na sumaku hiyo huziongoza chembe mpaka kwenye pete mbili, moja kuzunguka ncha ya sumaku ya kaskazini, nyingine ya kusini. Zikifika huko zinagonga hewa. Oksijeni iliyo kama kilomita 100 mpaka 150 juu hutoa ule ukijani. Ya juu zaidi hutoa wekundu. Naitrojeni huleta buluu na zambarau. Mnorwei mmoja, Kristian Birkeland, aliligeuza jambo hili kuwa kitu cha mezani zaidi ya miaka mia moja iliyopita: aliweka mpira wenye sumaku ndani ya chombo kisicho na hewa, akaurushia chembe za umeme, na mwanga ukajitokeza kuzunguka ncha zote mbili za mpira. Alichotumia ni mpira, mama.

Hapo jirani yako ndipo hoja inapomponyoka, kwa sababu nuru za kusini nazo zipo. Mei 2024 jua lilichafuka vibaya. Usiku wa tarehe 10 na 11 watu wa Ulaya walitoka nje kupiga picha za anga jekundu, na watu wa New Zealand na Tasmania vilevile, kwa dhoruba hiyohiyo moja. Pete ya kusini ina mzingo wa kama kilomita 15,000, karibu sawa na ya kaskazini. Kwenye ramani ya dunia bapa, ambako kusini ni ukingo wa sinia, pete hiyo ingebidi inyooshwe zaidi ya kilomita 100,000. Dada zetu wanaosuka mikeka wanajua ukingo ukitanuka kiasi hicho ukili lazima uongezwe. Huo wa ziada hakuna aliyeuona.

Mwambie mwanao avae vizuri, nuru nzuri huonekana usiku wa baridi kali.

Assalaam alaikum mwalimu. Mungu anasema ardhi imetandazwa. Kusema dunia ni mviringo, si kumpinga? (Mikindani)

Waalaikum salaam. Tafsiri ninawaachia wanazuoni, si kazi yangu. Ninachoweza kukueleza ni walichofanya Waislamu waliotutangulia. Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad, karne ya 9, aliwatuma wapimaji jangwani wahesabu umbali ambao mtu anatembea kaskazini mpaka anga libadilike kwa nyuzi moja. Al-Biruni, mwanzoni mwa karne ya 11, alipanda kilima huko Nandana, leo Pakistan, akapima upeo umeshuka kiasi gani chini ya usawa wa macho yake, na kutoka hapo akakokotoa nusu kipenyo cha dunia kwa ukaribu wa kushangaza. Walikuwa watu wa swala tano, na elimu hiyo waliihitaji kwa ajili ya kibla.

Kibla chetu sisi wa Mtwara kimetupendelea. Makkah iko karibu kwenye longitudo yetu hasa, kwa hiyo tunaelekea kaskazini moja kwa moja. Na mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na karibu na tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua huwa utosini mwa Kaaba. Saa ya Makkah na yetu ni moja.

Siku hiyo simamisha kijiti cha sentimita 100. Hapa Mtwara kivuli kitaangukia kusini, kama sentimita 62. Ndugu yako aliyeko Johannesburg, kwake ikiwa saa 5 na dakika 18, atapata kama sentimita 115. Sasa fuata hesabu ya video: dunia ni bapa, jua ni taa inayoning'inia juu ya Makkah. Sisi tuko kilomita 3,525 kutoka Makkah. Kivuli chetu kinasema taa iko kilomita 5,700 juu. Johannesburg ni kama kilomita 5,450. Kivuli chao kinasema kilomita 4,700. Taa moja, dakika moja, urefu tofauti kwa kilomita elfu nzima.

Ifanye sasa dunia iwe mviringo na jua liwe mbali sana. Kivuli chetu ni pembe ya nyuzi 31.7, chao 49. Gawa 3,525 kwa 31.7, zidisha kwa 360: kilomita 40,000 na kidogo. Gawa 5,450 kwa 49, zidisha kwa 360: kilomita 40,000 na kidogo.

Wenye ndugu Sauzi, wapigieni mapema mkubaliane dakika. Kijiti kinyooshwe kwa timazi, ardhi iwe sawa, kivuli kipimwe kutoka kwenye shina la kijiti mpaka ncha. Kisha niandikieni sentimita zenu na jina la mahali. Nitazichapa zote humu, hata zitakazonipinga.