Bima ya Fuso ya kwenda Nairobi
Kaka, umeuliza kama bima ndogo inatosha kwa Fuso inayobeba vitunguu kutoka Arusha kwenda Nairobi. Haitoshi. Bima ndogo inawalipa wengine uliowadhuru. Gari lako likipinduka, hasara ni yako. Hata bima kubwa, ambayo inalinda na gari lako, haigusi mzigo; vitunguu vinahitaji bima yake ya mzigo, na hapo ndipo wengi wanalia. Ukivuka mpaka wa Namanga uwe na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuwalipa wengine inayotambulika hata Kenya. Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima Tanzania, uhakikishe bima inaonekana, stika feki zipo. Na nakuomba sana, dereva aliyeshinda akipakia mzigo mchana kutwa usimtume usiku huohuo. Mwache alale kwanza.