Modemu ya kuchomeka au ruta kwa kompyuta ya mezani?

Mkuu, umesema kompyuta yako ni ya mezani, haina Wi-Fi, na kuna jamaa anakuuzia modemu ya kuchomeka ya Huawei E173 iliyotumika. Achana nayo. Hiyo ni ya 3G, mwisho wa kasi yake ni Mbps 7.2 (megabiti kwa sekunde), na nyingi zimefungwa kwa mtandao mmoja. Ukiweka laini ya kampuni nyingine inakudai namba ya kuifungua. Kama lazima iwe ya kuchomeka, tafuta ya 4G kama E3372. Kiwandani wanasema inafika Mbps 150, ila usitegemee kuziona huku Mbagala, Dar, saa mbili usiku watu wengi wakiwa mtandaoni.

Mimi ningechukua ruta inayotumia laini ya simu, yenye tundu la waya wa LAN (waya wa mtandao unaoingia kwenye kompyuta). Unaiweka dirishani panaposhika mtandao, unavuta waya hadi kwenye kompyuta, na simu za nyumbani nazo zinapata Wi-Fi. Modemu ukiichomeka nyuma ya kompyuta iliyo chini ya meza, mtandao unakufa. Yangu ilibidi niiunge na waya wa USB wa kurefusha, nikaifunga kwenye nondo za dirisha kwa rababendi. Ikatoka kijiti kimoja cha mtandao hadi vitatu!

Nenda dukani na laini yako iliyosajiliwa kwa alama za vidole, ichomeke palepale, fungua kurasa mbili tatu ndipo utoe hela. Halafu zuia Windows isijisasishe yenyewe, la sivyo bando la wiki litaisha umelala.